KIA mpaka Chicago: piga mwenyewe hesabu ya umbali na masaa kabla hujalipia tiketi

Kutoka KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro) mpaka Marekani ni masaa mangapi? Hili swali huku Arusha na Moshi haliishi, na majibu yake yanakuja ya kila aina, mmoja atakwambia kumi na sita, mwingine ishirini na tano, mwingine siku mbili, na cha ajabu wote wanaweza kuwa wanasema kweli maana kila mmoja anahesabu kitu chake. Kuna masaa ya kuwa hewani, kuna masaa ya kukaa transiti, kuna masaa ya saa kurudi nyuma, halafu kuna yale ya barabarani ambayo hakuna tiketi inayoyaandika. Ukivichanganya hivi vitu vinne unalipia tiketi mbaya, au unampeleka mzee eapoti siku ambayo sio.

Nachotaka ni kwamba ukimaliza kusoma uchukue tiketi yoyote, kalamu, karatasi na kalkuleta ya simu, upate mwenyewe jibu bila kusubiri wakala akwambie. Natumia Chicago kwa sababu hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka kwetu na njia za kufika ni nyingi, kwa hiyo kila kinachochanganya watu kimo humo. Ukishaiweza hii ya Chicago, Guangzhou au London ni rahisi sana.

Hatua ya 1: jua kodi (zile herufi tatu) za viwanja vyako vya ndege

Kila kiwanja kina kodi ya herufi tatu na hiyo ndo inayoandikwa kwenye tiketi na kwenye lebo ya begi. Sisi tunaita KIA lakini kwenye tiketi Kilimanjaro ni JRO, ukiandika KIA kwenye apu ya kutafutia ndege hupati uwanja wetu. Ule uwanja wa Kisongo, wa Arusha mjini, kodi yake ni ARK na ni kiwanja kingine kabisa, cha ndege ndogo za ndani zinazoenda Serengeti, Zanzibar na Dar. Msidharau hii tofauti, Desemba 2013 Boeing 767 ya Ethiopian iliyokuwa inakuja KIA ilitua Kisongo, njia ikawa fupi kwake na ikakwama kwenye udongo mwisho wa uwanja, watu wa Arusha wengi wanakumbuka ile siku. Kwa hiyo mgeni akikutumia tiketi angalia kwanza ni JRO au ARK ndo upange gari.

Chicago nayo ina viwanja viwili, O'Hare ambao ni ORD na Midway ambao ni MDW. Ndege kubwa za nje karibu zote zinashuka ORD. Andika basi kwenye karatasi yako: JRO – ORD.

Hatua ya 2: pata umbali wa mstari ulionyooka juu ya dunia

Hapa ndo penye utamu wenyewe na naomba tukae kidogo.

Ukiangalia ramani ya ukutani, ile bapa, utadhani ndege ya kutoka Afrika kwenda Chicago inapaswa ikate tu Atlantiki moja kwa moja kuelekea magharibi. Lakini ndege ya Amsterdam–Chicago kwenye skrini ya kiti unaiona inapanda juu kuelekea Scotland, inapita maeneo ya Iceland na Greenland, halafu inashuka na Canada, na abiria wengi wanafikiri inazunguka. Haizunguki, hiyo ndo njia fupi. Chukua chungwa, chomeka pini mbili, vuta uzi uubane kati yao, uzi utajilaza wenyewe kwenye njia fupi kuliko zote, na ukiihamishia hiyo njia kwenye karatasi bapa itaonekana imepinda. Waliosoma Form Three watakumbuka ile mada ya dunia kama tufe, na duara kubwa, ndo hiyo hiyo, haikuwa ya mtihani tu.

Njia ya haraka ya kupata umbali ni kuingia tovuti ya Great Circle Mapper, unaandika JRO-ORD inakupa. Google Maps pia kwenye kompyuta ina kipimo, unabofya kitufe cha kulia cha mausi juu ya KIA unachagua kupima umbali halafu unabofya Chicago. Lakini kama bando limeisha au unapenda kujua namba imetoka wapi, piga kwa mkono, inachukua dakika tano.

Unahitaji latitudo na longitudo za viwanja viwili. KIA iko kama 3.43 kusini na 37.07 mashariki. O'Hare iko kama 41.98 kaskazini na 87.90 magharibi. Kanuni ni kwamba kusini na magharibi unaweka alama ya kutoa. Kwa hiyo KIA inakuwa −3.43 na 37.07, Chicago inakuwa 41.98 na −87.90. Tofauti ya longitudo ni 37.07 kujumlisha 87.90, unapata 124.97.

Sasa laza simu ili kalkuleta ilete sin na cos, hakikisha iko kwenye digrii na sio radiani (hili ndo linaloharibu hesabu za wengi). Kwanza zidisha sin ya latitudo ya kwanza kwa sin ya latitudo ya pili: −0.0598 mara 0.6689, unapata −0.0400. Pili zidisha cos ya latitudo ya kwanza, cos ya latitudo ya pili na cos ya ile tofauti ya longitudo: 0.9982 mara 0.7434 mara −0.5731, unapata −0.4253. Jumlisha hayo majibu mawili, inakuja −0.4653. Halafu bonyeza kinyume cha cos (cos⁻¹), inakupa digrii 117.7. Kila digrii moja juu ya uso wa dunia ni kama km 111.2, kwa hiyo zidisha, jibu ni kama km 13,090.

Huo ndo umbali wa KIA mpaka Chicago kama ingekuwepo ndege inayoruka moja kwa moja. Mzunguko mzima wa dunia ni kama km 40,000, yaani hapo unapita karibu theluthi nzima ya dunia.

Kuna anayeuliza kwa nini basi hiyo ndege ya moja kwa moja haipo, tatizo ni umbali? Umbali peke yake hapana. Singapore mpaka New York ni kama km 15,300 na Singapore Airlines wanaupiga bila kutua kwa Airbus A350, zaidi ya masaa 18. Na hapa jirani Kenya Airways tangu Oktoba 2018 wana ndege ya Nairobi–New York bila kutua, km 11,800 na kidogo. Kinachokosekana ni abiria wa kutosha kutoka uwanja mmoja kwenda mji mmoja kila siku, ndo maana tunakusanywa kwenye viwanja vikubwa vya katikati kwanza.

Hatua ya 3: hesabu umbali wa njia utakayopita kweli

Wewe hutaruka km 13,090, utaruka vipande viwili au vitatu. Rudia hesabu ya juu kwa kila kipande halafu jumlisha. Nimeshazipiga kwa njia nne ambazo watu wa huku wanazitumia sana.

Ukipita Amsterdam, JRO–AMS ni kama 6,900 na AMS–ORD ni kama 6,610, jumla 13,510. Ukipita Addis Ababa, JRO–ADD ni kama 1,390 na ADD–ORD kama 12,180, jumla 13,570. Istanbul ni 5,040 na 8,790, jumla 13,830. Doha ni 3,560 na 11,460, jumla kama 15,020.

Angalia hizo namba vizuri. Amsterdam na Addis zinazidi ule mstari ulionyooka kwa km 400 na 500 tu, yaani karibu ziko juu ya uzi wenyewe. Doha inakupeleka kaskazini-mashariki kwanza halafu ndo unageuka kwenda magharibi, unaongeza karibu km 1,900, ambayo ni zaidi ya masaa mawili ya kuwa hewani. Sisemi Doha ni mbaya, bei yake wakati mwingine inakuwa nzuri na huduma watu wanaisifu, ila ujue unacholipia.

Lakini kuna mambo mawili yanaharibu hizi hesabu nzuri za karatasi, na lazima uyakague kwenye tiketi.

La kwanza ni ndege inayotua mahali bila wewe kushuka. Kwa miaka mingi ndege ya KLM ikitoka Amsterdam imekuwa ikitua KIA, inaendelea Dar, halafu ndo inarudi Ulaya. Maana yake aliyekuja alishuka KIA moja kwa moja, ila wewe unayepanda KIA unaenda Dar kwanza, unakaa ndani ya ndege wakati wengine wanapanda na mafuta yanajazwa, ndo mnaanza safari ya Ulaya. JRO–DAR ni km 450 na DAR–AMS ni kama 7,350, jumla 7,800, badala ya 6,900. Umeongeza km 900 na kama masaa mawili na nusu, matatu ukihesabu na ule muda wa kukaa chini, na hapo hujabadilisha ndege wala namba ya flaiti. Kwa hiyo kwenda na kurudi kwa ndege ile ile kunaweza kutofautiana sana. Kwenye tiketi tafuta panapoandikwa idadi ya vituo, kama ni sifuri basi haitui, kama ni moja uliza inatua wapi.

Ethiopian nao kwa miaka mingi ndege yao ya Addis–Washington ilikuwa ikitua Dublin kuongeza mafuta wakati wa kwenda, kurudi ilikuwa inakuja bila kutua. Sababu inapendeza kuijua: uwanja wa Bole, ule wa Addis, uko juu sana, zaidi ya mita 2,300 kutoka usawa wa bahari, hewa kule ni nyepesi, injini zinapata nguvu kidogo na mbawa zinanyanyua kidogo, ndege haiwezi kuruka ikiwa imejaa abiria, mizigo na mafuta ya km 11,500 kwa pamoja, inabidi ipunguze kitu, wanapunguza mafuta wanajaza njiani. Washington iko chini karibu na bahari kwa hiyo kurudi hakuna shida. KIA yetu iko mita 894 na njia yake ya kurukia ina kama km 3.6, kwa hiyo sisi tuna nafuu kubwa kuliko Addis na hata kuliko Nairobi ambayo iko juu ya mita 1,600.

La pili ni anga iliyofungwa. Mstari wa KIA–Amsterdam unapita Kenya, Sudan Kusini, Sudan, halafu Misri na Libya kuelekea bahari ya Mediterania. Vita vilipoanza Sudan Aprili 2023 anga yao ilifungwa, ndege za Ulaya na Afrika Mashariki zikalazimika kuzunguka, nyingi zikipita upande wa Bahari ya Shamu. Urusi nayo tangu 2022 imefunga anga yake kwa mashirika ya Ulaya, na Finnair waliokuwa wanaenda Tokyo kwa masaa kama 9 wakajikuta wanatumia karibu 13. Kwa hiyo chukua namba yako ya karatasi kama kiwango cha chini, hakuna ndege itakayopita pungufu ya hapo, ila kuzidi inazidi.

Hatua ya 4: badilisha kilomita ziwe masaa

Ndege kubwa za siku hizi zikiwa juu zinakwenda kama km 900 kwa saa, lakini usigawanye kwa 900 maana kuna kuteleza chini uwanjani, kupanda, kushuka na kusubiri zamu ya kutua. Mimi natumia kanuni hii na inanipa jibu la karibu kila mara: gawanya kilomita kwa 850 halafu ongeza nusu saa. Na masaa ya kwenye tiketi yanahesabiwa tangu ndege inasukumwa kutoka ilipoegeshwa mpaka inapoegeshwa kule, sio tangu inaacha ardhi.

KIA–Amsterdam bila kutua: 6,900 gawa kwa 850 ni 8.1, jumlisha nusu, kama masaa 8 na dakika 40. KIA–Doha: 3,560 inakupa kama masaa 4 na dakika 40, kwenye ratiba utakuta imeandikwa zaidi kidogo, masaa matano na kitu, mashirika yanapenda kuweka akiba. Kwa ndege ya pangaboi kama ATR inayoenda Dar badilisha 850 iwe 480, unapata kama saa moja na dakika 25.

Halafu upepo. Juu kule km 10 kutoka ardhini kuna mto wa upepo unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, kaskazini mwa dunia, na wakati wa baridi ya Ulaya na Marekani unakuwa mkali kweli kweli, unaweza kuzidi km 300 kwa saa. Ukienda Chicago unapigana nao, ukirudi unakusukuma. Februari 2020 Boeing 747 ya British Airways iliruka New York–London kwa masaa 4 na dakika 56 kwa sababu ya dhoruba iliyokuwa inaisukuma, safari ambayo kawaida ni zaidi ya masaa sita. Kwa hiyo kwa kipande cha kuvuka Atlantiki, kwenda ongeza nusu saa mpaka saa nzima, kurudi punguza nusu. AMS–ORD kwa kanuni ni masaa 8 na dakika 15, ukiongeza upepo ni kama masaa 9. Doha–Chicago kwa kanuni ni 14, na upepo inafika 15.

Vipande vya kaskazini–kusini kama KIA–Amsterdam au KIA–Addis upepo hauna neno sana.

Hatua ya 5: soma saa za tiketi

Hapa ndo watu wanapokosa ndege, sio kwenye kilomita. Kuna mambo mawili, saa zetu za Kiswahili na saa za nchi nyingine.

Tiketi inaandikwa kwa saa 24 na kila saa iliyoandikwa ni ya mahali ndege ilipo, sio ya nyumbani. Kuigeuza kwenda saa zetu fanya hivi: kuanzia 07:00 mpaka 18:59 toa 6, kuanzia 19:00 mpaka 23:59 toa 18, kuanzia 00:00 mpaka 06:59 ongeza 6. Kwa hiyo 20:05 ni saa mbili na dakika tano usiku, na 03:30 ni saa tisa na nusu usiku. Ya kuogopa kuliko zote ni 00:40. Tiketi ikisema tarehe 13 saa 00:40 hiyo ni saa sita na dakika arobaini ya usiku wa KUAMKIA tarehe 13, maana yake unaondoka nyumbani tarehe 12 jioni. Ukimwambia mama "ndege yako ni tarehe kumi na tatu saa sita usiku" atafunga begi tarehe 13 mchana kwa utulivu kabisa wakati ndege imeshaondoka jana yake usiku. Mwandikie kwa maneno kwenye karatasi: "Jumatatu jioni saa kumi na moja tunatoka nyumbani." Tarehe za tiketi baki nazo wewe.

Saa za nchi: Tanzania tuko UTC+3, yaani saa tatu mbele ya saa ya kimataifa, mwaka mzima na hatubadilishi. Bahati nzuri Addis, Doha na Istanbul nazo ziko UTC+3 mwaka mzima, kwa hiyo mpaka hapo saa yako ya mkononi usiiguse. Amsterdam iko nyuma yetu saa mbili wakati wa baridi na saa moja wakati wa kiangazi chao. Chicago iko nyuma yetu saa 9 wakati wa baridi na saa 8 kiangazi. Wanabadilisha kwa tarehe tofauti, Marekani wanaanza Jumapili ya pili ya Machi na kumaliza Jumapili ya kwanza ya Novemba, Ulaya wanaanza Jumapili ya mwisho ya Machi na kumaliza Jumapili ya mwisho ya Oktoba, kwa hiyo kuna wiki chache za katikati ambapo hata tofauti ya Amsterdam na Chicago inahama kutoka saa 7 kuwa 6. Ukisafiri wiki hizo kagua mara mbili.

Sasa mfano kamili. Tuseme umeletewa tiketi ya kupitia Doha mwezi wa kwanza: unatoka JRO tarehe 12 saa 18:10, unafika DOH 23:35, unatoka DOH tarehe 13 saa 08:00, unafika ORD tarehe 13 saa 14:00. Anayeangalia haraka anasema nafika kesho yake saa nane mchana, ni kama masaa 20 tu. Sio. Geuza ile 14:00 ya Chicago iwe saa ya kwetu, ongeza 9, ni 23:00, saa tano usiku tarehe 13. Kutoka saa kumi na mbili na dakika kumi jioni ya tarehe 12 mpaka saa tano usiku wa tarehe 13 ni masaa 28 na dakika 50. Hewani: masaa 5 na dakika 25 jumlisha 15, ni 20 na dakika 25. Transiti: masaa 8 na dakika 25. Jumlisha, inarudi 28 na dakika 50, kwa hiyo hesabu imekaa. Kama vipande havijumliki kuwa sawa na jumla, rudi, kuna saa hukuigeuza.

Kurudi ndo hatari ya wapokeaji. Mtu akitoka Chicago Ijumaa saa 18:30 wakati wa baridi, kwetu tayari ni Jumamosi saa tisa na nusu usiku. Safari ikichukua masaa 24 anashuka KIA Jumapili saa tisa na nusu usiku, yaani usiku wa kuamkia Jumapili. Familia ikisikia "natoka Ijumaa jioni, ni siku moja tu" inakodi Noah ya Jumamosi asubuhi.

Hatua ya 6: pima transiti kabla ya bei

Baada ya kujua masaa ya hewani, tofauti ya tiketi na tiketi mara nyingi iko kwenye kusubiri. Tiketi mbili za njia ile ile zinaweza kuwa moja masaa 24 nyingine 41 na apu inaipanga ya 41 juu kwa sababu ni nafuu kidogo. Kwa kijana sawa. Kwa mzee mwenye presha au magoti au anayesafiri peke yake mara ya kwanza, hapana, tafadhali ongeza hela kidogo, na omba kiti cha magurudumu wakati wa kukata tiketi, hakilipiwi na kuna mtu atamsukuma kutoka mlango wa ndege mpaka mlango mwingine.

Transiti nzuri kwa maoni yangu ni masaa mawili mpaka manne. Chini ya saa moja na nusu usimwekee mtu asiyezoea, ndege ya kwanza ikichelewa kidogo tu imekula kwake. Hakikisha vipande vyote viko kwenye bukingi moja, hapo begi linaenda lenyewe mpaka mwisho na ukikosa koneksheni kwa kuchelewa kwao ni juu yao kukutafutia ndege nyingine. Ukinunua tiketi mbili tofauti ukaunganisha mwenyewe, kila kitu ni juu yako. Na kama Chicago sio mwisho, unaendelea labda Minneapolis, ujue uwanja wa kwanza wa Marekani ndo unapigwa uhamiaji, unachukua begi lako, unapita forodha, unalirudisha tena, kwa hiyo hapo usikubali chini ya masaa matatu.

Wale wa kupitia Nairobi, Namanga iko karibu na basi za asubuhi Arusha–Nairobi zinatumia kama masaa matano mpaka sita pamoja na mpaka, ukapanda ile ndege ya Kenya Airways ya New York. Inafaa kwa anayeenda pwani ya mashariki. Kwa Chicago unaongeza ndege ya ndani, basi na transiti, na jumla inaweza isikupe faida, piga hesabu ile ile ya hatua ya 3 uone.

Wafanyabiashara wa Guangzhou nao nisiwasahau: JRO–CAN mstari ulionyooka ni kama km 8,760. Kupitia Dar na Air Tanzania ni kama 9,160, Addis 9,430, Doha 9,750. China iko mbele yetu saa 5 mwaka mzima, unaenda mashariki kwa hiyo saa zinaliwa, ukiondoka usiku unafika mchana au jioni ya kesho yake hata kama umekaa hewani masaa 12 tu.

Hatua ya 7: ongeza barabara

KIA iko Hai, katikati yetu, kama km 50 kutoka Arusha mjini na 40 kutoka Moshi. Kwenye karatasi hiyo ni dakika arobaini, kwenye barabara ni saa moja na zaidi, maana kuna Tengeru, Usa River, Maji ya Chai na Kikatiti upande wa Arusha, na Kwa Sadala na Bomang'ombe upande wa Moshi, vijiji vyote spidi 50 na askari wapo. Jumatano na Jumamosi Tengeru ni soko, ongeza nusu saa. Unayepanda daladala inakushusha njia panda, bado kuna kilomita kadhaa za kuingia ndani mpaka jengo la abiria, tafuta boda au taksi, usipange kutembea na mabegi.

Fika masaa matatu kabla. Dirisha la chekini kwa ndege za nje kwa kawaida linafungwa saa moja kabla ya kuruka na likifungwa limefungwa hata kama ndege unaiona pale nje. Kwa hiyo kwa ile ndege ya saa kumi na mbili na dakika kumi jioni, uwe KIA saa tisa na dakika kumi mchana, utoke Arusha saa nane kamili, utoke Moshi saa nane na robo. Jumla yako ya mlango kwa mlango sasa ni yale masaa karibu 29, jumlisha manne ya huku, jumlisha mawili ya uhamiaji, begi na gari kule Chicago: kama 35. Hii ndo namba ya kumwambia mama, ndo inayoamua dawa za kuweka kwenye begi la mkononi ni za mara ngapi, na anayempokea kule aombe ruhusa kazini saa ngapi.

Anayepokea KIA, siku yenyewe ingia Flightradar24, tovuti ya kufuatilia ndege zilizo hewani, uandike namba ya flaiti ya kipande cha mwisho, yaani ile inayotua JRO, sio ya kwanza aliyopanda Chicago. Ukiona imeshatoka Addis una kama masaa mawili na dakika kumi mpaka itue, Doha masaa matano, Amsterdam karibu tisa. Abiria wanachukua dakika arobaini mpaka saa nzima kutoka nje baada ya kutua, kwa hiyo aliyeko Moshi anaweza kuwasha gari ndege ikiwa bado hewani ina nusu saa na akafika kwa wakati. Wa Arusha toka mapema zaidi kidogo, hasa ikiwa Jumatano au Jumamosi jioni soko linapofumuka.